Kutoka Coney Island hadi Jamaica kwa Treni ya F

Mahali ambapo jiji la New York linaishia baharini, upande wa kusini wa Brooklyn, panaitwa Coney Island. Wakati wa joto familia humiminika huko kwa maelfu, watoto wakapanda bembea kubwa na wazee wakakaa ufukweni. Mimi nilifika mwezi wa Rajabu 1446, yaani Januari 2025, upepo wa baridi ukivuma kutoka baharini na mchanga ukiwa mtupu. Nyuma ya ufukwe huo pana kituo kikubwa cha treni chenye paa la vioo ambamo njia nne hukoma. Mojawapo ni njia ya F. Inaanzia hapo, inapita juu ya nguzo katika mitaa ya Brooklyn, inazama ardhini, inapita chini ya mto na kuingia Manhattan, kisha inauvuka mto huo huo kwa mara ya pili na kuishia Queens, katika mtaa uitwao Jamaica.

Huko Jamaica ndiko anakoishi mtoto wa ami yangu, mzaliwa wa Mombasa, pamoja na mkewe na mabinti zao wawili, mmoja wa miaka 16 na mwingine wa miaka 13. Mabinti hao huipanda treni ya F kila siku ya masomo, hijabu zao kichwani na mikoba yao mgongoni. Kabla sijasafiri, shemeji yangu aliniletea ujumbe wa sauti: "Shemeji, ukifika ukae na hawa watoto, uwaambie nini kinajuzu na nini hakijuzu mtu akiwavamia ndani ya treni. Baba yao anasema wajifunze kupigana. Mimi naona wajifunze kukimbia." Sikumjibu papo hapo. Niliona ni vyema kwanza niipande treni yenyewe, tangu mwanzo wake hadi mwisho wake, safari ya takriban saa moja na nusu.

Mama huyo hakuwa na hofu ya bure. Wiki chache tu kabla ya kufika kwangu, asubuhi ya tarehe 22 Desemba 2024, katika kituo hicho hicho cha Coney Island, mwanamke aliyekuwa amelala ndani ya behewa la treni ya F alichomwa moto akafa. Alikuwa na umri wa miaka 57, hana makazi, na ilichukua zaidi ya wiki moja kulitambua jina lake: Debrina Kawam. Ninaanza na habari yake kwa sababu watu wengi wakitaja hatari ya treni za New York humaanisha hatari inayotoka kwa fukara aliyelala kwenye kiti. Huyu alikuwa fukara aliyelala kwenye kiti, na hatari ndiyo iliyomjia yeye.

Treni za chini ya ardhi za New York zilianza kazi tarehe 27 Oktoba 1904. Leo zina vituo 472 na hubeba zaidi ya abiria milioni tatu kwa siku ya kazi. Lakini jambo linalozitofautisha na treni za miji mingi mikubwa ya dunia ni kwamba hazifungwi usiku. Zinatembea saa 24, siku zote za mwaka. Nauli niliyolipa ilikuwa dola 2 na senti 90, na kwa nauli hiyo mtu aliweza kukaa ndani, penye joto na taa, mpaka alfajiri. Sheria ya jiji hilo, tangu makubaliano ya mahakamani ya mwaka 1981, inampa asiye na nyumba haki ya kupewa pa kulala. Hata hivyo wako wengi wanaoziogopa nyumba hizo za hifadhi kwa wizi na ugomvi, wakaona afadhali behewa. Ndiyo maana treni imekuwa bweni na, kwa baadhi yao, wodi ya wagonjwa wa akili isiyo na daktari.

Aliyezoea daladala au matatu zetu atastaajabu kwanza kwa ukimya. Kwetu abiria huulizana habari, hugombana na kondakta, humpakata mtoto wa mama wasiyemjua. Huku kila mtu hutazama viatu vyake. Kutomkazia mwenzio macho ni adabu na ni kinga pia. Kondakta yupo, lakini amekaa ndani ya kijumba chake katikati ya treni, na abiria wa behewa la mwisho huenda wasimwone safari nzima. Tena milango ikishafungwa, hakuna wa kumwambia "shusha". Mtasafiri pamoja, nyote mliomo, mpaka kituo kinachofuata.

Baada ya vituo kumi na viwili vya juu, treni inateremka ardhini na kusimama Church Avenue. Hapo waliingia akina mama wa Kibengali wenye mitandio, na vijana wawili wenye kofia waliokuwa wakizungumza juu ya mpira. Mtaa huo una maduka ya nyama ya halali na misikiti midogo, na mtu akifumba macho akasikiliza salamu tu atajiona yuko kwao. Mama mmoja alisimama pembeni, mgongo wake ukiwa umeegemea mlango usiofunguka. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hilo si jambo la bahati.

Manhattan tuliingia kwa kupita chini ya mto. Katika kituo kiitwacho Second Avenue milango ilifunguka na watu wachache wakapanda. Hapo ndipo alipopanda Jordan Neely, mchana wa tarehe 1 Mei 2023.

Neely alikuwa na umri wa miaka 30. Wakazi wengi walimjua kwa sura kwa sababu kwa miaka mingi aliwachekesha abiria na watalii kwa kucheza kama Michael Jackson. Alipokuwa na miaka 14 mama yake mzazi aliuawa na mwanamume waliyekuwa wakiishi naye, na maiti yake ikatiwa ndani ya sanduku. Kijana huyo ikambidi baadaye asimame mahakamani kutoa ushahidi. Akili yake ikaugua. Madaktari walimkuta na skizofrenia, maradhi ambayo humfanya mtu asikie sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo. Jina lake likawa katika orodha ya watu 50 wa mitaani ambao idara za jiji ziliwaona wana hali mbaya kuliko wengine. Hakuwa malaika: mwaka 2021 alimpiga ngumi bibi wa miaka 67 akamuumiza vibaya. Mahakama ilimpa nafasi ya kutibiwa badala ya kufungwa, lakini akatoka katika nyumba ya matibabu baada ya siku 13 tu, hati ya kukamatwa ikatolewa, na hakuna aliyemkamata.

Siku ile aliingia behewani akaivua koti lake akalitupa chini kwa nguvu, akapaza sauti kwamba ana njaa na kiu, amechoka, hajali kurudi jela, na yuko tayari kufa. Hakuwa na silaha. Baadhi ya abiria walisema mahakamani kwamba hawakupata kuogopa kiasi kile maishani mwao. Mama mmoja alieleza jinsi alivyomficha mwanawe mdogo nyuma ya kigari chake cha kusukuma. Ndipo kijana wa miaka 24, Daniel Penny, aliyewahi kuwa askari wa majini wa Marekani, alipomjia Neely kwa nyuma, akamkaba kabali na kuanguka naye sakafuni. Neely alikuwa mtu mweusi na Penny ni mzungu, na katika nchi ile jambo hilo halipiti bila kusemwa.

Kutoka Second Avenue hadi kituo kinachofuata, Broadway-Lafayette, ni mwendo mfupi mno. Niliuhesabu kwa saa yangu, nao ulikwisha kabla sijamaliza kusoma Ayatul Kursiyy mara mbili kwa utaratibu. Naomba msomaji aushike ufupi huo, kwani ndani yake mna kesi nzima. Treni ilipofika kituoni milango ilifunguka, na abiria walioogopa wakapata pa kutokea. Lakini kabali haikuachiliwa. Iliendelea kwa takriban dakika sita tangu ilipoanza, wanaume wengine wawili wakisaidia kumshika, na abiria mmoja akaonya kwamba mtu huyu atakufa. Neely alilegea, akapelekwa hospitali, akafa. Daktari wa serikali aliandika kwamba kifo kilitokana na kubanwa shingo.

Penny alieleza kwamba alitaka kumzuia tu mpaka polisi waje. Mawakili wake walileta wataalamu waliosema kwamba dawa za kulevya na hali ya damu ya marehemu vilichangia. Kesi ilisikilizwa mwishoni mwa mwaka 2024 mbele ya jopo la raia 12. Shitaka kubwa, la kuua pasipo kukusudia, liliwashinda kuafikiana, likafutwa. Na tarehe 9 Desemba wakamwona hana hatia katika shitaka dogo la kusababisha kifo kwa uzembe. Nje ya mahakama wako walioshangilia na wako waliolia.

Nilishuka Broadway-Lafayette nikakaa kwenye benchi la mbao, nikaziacha treni tatu zinipite. Hakuna alama yoyote mahali pale. Watu wanapanda, watu wanashuka.

Sheria ya jimbo la New York inasema kwamba kwa kawaida mtu hana ruhusa ya kutumia nguvu ya kuua ila akiamini, kwa imani ambayo mtu mwenye busara angekuwa nayo, kwamba mwenzake anatumia au yu karibu kutumia nguvu ya namna hiyo; na hata hapo, akiwa nje ya nyumba yake na akajua anaweza kuondoka kwa usalama kamili, na aondoke. Kipimo hicho cha mtu mwenye busara kilikaziwa na mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1986 katika kesi ya Bernhard Goetz, ambaye mnamo tarehe 22 Desemba 1984, ndani ya treni nyingine ya jiji hilo, aliwapiga risasi vijana wanne weusi baada ya mmoja wao kumwomba dola tano. Majaji walisema haitoshi mtu kudai kwamba aliogopa. Hata hivyo mwaka uliofuata jopo lilimwachilia kwa mashitaka ya kujaribu kuua, akafungwa kwa kumiliki silaha bila kibali tu. Sheria iliyoandikwa ni moja, na nyoyo za watu kumi na wawili ni jambo jingine.

Katika pwani yetu, Lamu, Mombasa na Unguja, wanafunzi wa fiqhi wamesoma kwa vizazi vingi kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki katika karne ya 13. Mna ndani yake mlango unaohusu kumzuia mvamizi. Aghalabu hupitwa upesi, kwani wanafunzi hudhani ni habari za wanyang'anyi wa jangwani. Nimeurudia mara nyingi tangu nilipoisikia habari ya treni ya F. Imam anaeleza kwamba mvamizi huzuiwa kwa lililo jepesi zaidi lenye kutosha. Akizuilika kwa maneno au kwa kupiga kelele za kuomba msaada, ni haramu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, ni haramu kumpiga kwa mjeledi. Akizuilika kwa mjeledi, ni haramu kwa fimbo. Na hivyo hivyo ngazi kwa ngazi. Na ikiwezekana kukimbia, kauli yenye nguvu ni kwamba kukimbia kunawajibika na kupigana kunaharimika. Shemeji yangu hakusoma Minhaj, lakini alilofikiria jikoni kwake ndilo lililomo.

Haki ya kujilinda, basi, ipo, na hakuna anayebishana juu yake. Mtu anaweza kuinuka kumkinga mtoto wa mwenzake na akapata thawabu. Suala ni pale panapokoma. Haki hiyo inazaliwa na hatari na inakufa pamoja na hatari. Milango ya behewa inapofunguka na watu wakatoka, mkono ulioko shingoni una hukumu nyingine, ijapokuwa ni mkono ule ule wa nusu dakika iliyopita. Na mafakihi walikwenda mbali zaidi: waliuliza, je, mvamizi akiwa ni mwendawazimu? Jamhuri ya maulamaa walisema aliyemuua kwa kujilinda, ikiwa hapakuwa na njia nyingine, hana dhamana. Wanachuoni wa madhehebu ya Hanafi wakasema hapana kisasi, lakini diya inalipwa, kwa kuwa mwendawazimu hakutenda kosa la mwenye akili, na damu yake haiporomoki bure. Sisi ni Shafi ila wachache, na simwiti mtu aache madhehebu yake. Ila nilipokaa kwenye benchi lile niliona kwamba hao wa Hanafi waliona jambo ambalo jopo la New York halikuulizwa: hata pasipo mkosaji, kuna aliyekufa, na ana watu wake.

Treni iliyofuata ilikuwa na abiria wengi. Baada ya kituo kimoja mlango wa kati ya mabehewa ulifunguka kwa kishindo, akaingia mtu amejifunga blanketi, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi, akizungumza kwa ukali na mtu ambaye sisi hatukumwona. Macho yote yaliinama. Nilihisi mikono yangu imejikunja yenyewe. Alisimama karibu na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, akamwinamia, akamuuliza kitu kwa sauti kubwa. Mzee yule alimjibu kwa upole, maneno mawili matatu, kama anayejibu saa ngapi. Mtu wa blanketi akanyamaza, akashikilia nguzo, na kituo cha 14th Street akashuka. Sisemi kwamba upole humtuliza kila mgonjwa. Wangapi wamejibu kwa upole wakapigwa. Nasema tu niliyoyaona, na kwamba vidole vyangu vilichukua vituo viwili kulegea.

Kituo cha 23rd Street kina habari mbili. Ukipanda juu ukatembea kuelekea mashariki mpaka First Avenue, utafika hospitali ya Bellevue, hospitali kongwe ya umma ambayo asili yake ni mwaka 1736, na ambako wagonjwa wa akili wa jiji hupelekwa wanapozidiwa. Wengi hukaa siku chache, hupewa dawa, hurudi mtaani. Na katika mtaa huo huo wa 23, kwenye kituo cha njia nyingine ya treni, tarehe 3 Januari 1999 msichana aitwaye Kendra Webdale, miaka 32, alisukumwa mbele ya treni na mtu mwenye skizofrenia. Mtu huyo alikuwa ameziendea hospitali mara nyingi kwa miguu yake mwenyewe akiomba alazwe. Baada ya hapo jimbo likatunga sheria yenye jina la Kendra, inayoiruhusu mahakama kumlazimisha mgonjwa fulani atibiwe huku akiishi nyumbani. Lakini sheria haijengi vitanda.

Vitanda vilikwenda wapi? Mwaka 1955 hospitali za akili za umma katika Marekani nzima zilikuwa na wagonjwa zaidi ya laki tano na nusu. Nyingi zilikuwa mahali pa aibu, watu wakifungiwa maisha. Dawa mpya zilipopatikana, na Rais Kennedy aliposaini sheria ya mwaka 1963 ya kujenga vituo vya tiba ya akili karibu na makazi ya watu, milango ikafunguliwa. Kufunguliwa milango lilikuwa jambo jema. Ila vituo vilivyoahidiwa havikujengwa kwa idadi iliyotakiwa, na fedha zikaenda kwingine. Mgonjwa akatoka wodini akakuta kambi, jela na treni.

Treni yenyewe inakuonesha historia hii kama kitabu. Siku ile, baada ya Manhattan ilisimama chini kabisa ya kisiwa chembamba kilicho katikati ya mto, Roosevelt Island, kituo chenye ngazi za umeme ndefu mpaka mtu anachoka kwa kusimama tu. Juu yake, mwaka 1839, palifunguliwa hospitali ya vichaa ya jiji. Mwaka 1887 mwandishi wa gazeti, binti aitwaye Nellie Bly, alijifanya mwendawazimu ili afungiwe humo. Akakaa siku kumi, akatoka na kuandika juu ya chakula kilichooza, maji ya baridi waliyomwagiwa wagonjwa, na wanawake waliokuwa na akili zao timamu ila hawakujua Kiingereza. Mji ukashituka, fedha zikaongezwa. Mnara wa jengo hilo wenye pembe nane ungalipo, na sasa ni lango la nyumba za kupanga.

Waislamu tuna la kukumbuka hapa, na tulikumbuke bila majivuno. Halab mwaka 1354 ilijengwa bimaristani ya Arghun, yenye nyua na chemchemi kwa ajili ya wagonjwa wa akili, wapate kusikia maji. Edirne mwaka 1488 Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali ambamo wagonjwa walipigiwa muziki na kunusishwa maua. Zote ziliendeshwa kwa wakfu. Lakini hata leo kwetu wapo wagonjwa wanaofungwa kamba kwenye vyumba vya uani, na familia inayosema kwamba mtoto wao "yuko safari". Mtume (SAW) alitufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa mwenye wazimu mpaka apate nafuu, na katika Sahihi Muslim imo habari ya mwanamke aliyekuwa na kitu katika akili yake, akamwambia Mtume ana haja naye. Mtume akamwambia achague njia yoyote ya mji aitakayo, akasimama naye huko mpaka haja yake ikaisha. Hakumkimbia, wala hakumpeleka mafichoni. Alisimama naye njiani, mbele ya macho ya watu.

Queens treni hii hushika mbio, ikaviruka vituo vidogo. Jackson Heights ndiko panapokutana njia nyingi, na juu, kwenye madaraja ya chuma, hupita treni ya namba 7. Tarehe 27 Desemba 2012, katika kituo kimoja cha njia hiyo ya 7, Sunando Sen, mhamiaji kutoka India, alisukumwa relini na mwanamke ambaye hakumjua. Mwanamke huyo aliwaambia polisi kwamba anawachukia Waislamu na Wahindu tangu mashambulizi ya 2001, na kwamba alidhani huyu ni Mwislamu. Naye alikuwa na historia ndefu ya maradhi ya akili. Alihukumiwa miaka 24. Marehemu hakuwa Mwislamu. Alikufa kwa niaba yetu, kama mtu anavyoweza kusema. Wazimu huokota maneno yaliyotapakaa hewani. Jamii ikijaza hewa kwa chuki, mgonjwa ndiye atakayeivuta kwa pumzi ndefu zaidi. Ndiyo sababu akina mama wa Church Avenue huegemeza migongo yao.

Nilifika Jamaica-179th Street baada ya magharibi. Jamaa yangu alinipokea kituoni, tukatembea Hillside Avenue penye harufu ya biriani, na usiku ule, baada ya isha, tukakaa sote sebuleni. Nilieleza niliyoyaandika hapa, kwa ufupi wake. Baba alisema anaogopa mabinti zake wakifundishwa kukimbia tu watakuwa waoga. Mama akamjibu kwamba wao ndio waliompigia kelele mtu aliyekuwa akimsumbua mwenzao mwezi uliopita, mpaka behewa zima likageuka. "Hilo si la mwoga," alisema.

Yule mdogo aliuliza swali ambalo nilikuwa nalitarajia kwa mkubwa. "Ami, kama yeye kalamu imeinuliwa kwake, akinisukuma hana dhambi. Mimi nikimsukuma ili aniache, ninayo?"

Nikamwambia hana, madhali anasukuma ili atoke.

"Na nikishatoka?"

"Ukishatoka, nenda."

Dada yake akacheka. Mama yao akaendelea na orodha yake, ambayo naiandika kwa kuwa ina faida kwa mzazi yeyote mwenye mtoto huko ughaibuni. Jukwaani simama mgongo ukutani, wala si ukingoni, na simu iwe mfukoni treni inapoingia. Panda behewa la katikati, alipo kondakta. Utalijua kwa kibao cha mistari myeusi na myeupe kilichoning'inia katikati ya jukwaa, ambacho kondakta hulazimika kukinyooshea kidole kila asimamapo. Mtu akipiga kelele usimtazame kwa dharau wala usimpige picha ukamcheka. Kituo kinachofuata, hama behewa. Ukiona anataka kujidhuru au hajiwezi, piga 988, nambari ya msaada wa maradhi ya akili iliyoanza mwaka 2022, na kukiwa na hatari ya papo hapo piga 911.

"Na ukiwa na chakula?" aliuliza mdogo.

"Ukiwa na chakula mpe, ukiwa na watu. Peke yako, la."

Jumatatu asubuhi, saa moja kasoro robo, niliwasindikiza. Kituo kilikuwa kimejaa. Walisimama wote wawili chini ya kibao cha mistari, migongo ukutani, mkubwa akisoma kijikaratasi cha mtihani. Treni ikaingia, kondakta akatoa mkono dirishani na kunyoosha kidole juu ya vichwa vyao. Mdogo naye akamnyooshea. Ndani ya behewa, kwenye kiti cha pembeni, mtu alikuwa amelala amejifunika kichwa. Wakapita taratibu wasimwamshe, wakakaa upande wa pili.